Sir Albert Cook wa Mengo na Elimu ya Kuuguza Mahututi

Kila mwenye akili ajua ya kuwa mgonjwa aliye taabani hahitaji dawa peke yake. Daktari humjia asubuhi, akamtazama, akaandika dawa, kisha akenda zake kwa wengine wanaomngoja. Saa zote zilizobaki, za mchana na za usiku, mgonjwa huyo, baada ya Mwenyezi Mungu, yuko mikononi mwa yule akaaye karibu ya kitanda chake. Akiwa mtu huyo amefundishwa, huiona hatari kabla haijafika, akaita msaada wakati ungaliko. Akiwa hakufundishwa, atakaa hapo na huruma zake zote, na mgonjwa atamfia mbele ya macho yake, wala asijue ni lipi lililopita.

Tumeyatanguliza maneno haya kwa sababu ya suala tuliloletewa na ndugu zetu walioko Kangeta, katika nchi ya Meru. Wanasema kuwa binti mmoja wa Kiislamu asomaye uuguzi amefikia darasa la kufundishwa kuwatunza watu wazima walio mahututi, na baadhi ya jamaa zake wataka kumtoa chuoni. Hoja zao ni tatu: kwamba kazi yenyewe ni ya kuosha na kugeuza watu, nayo ni duni; kwamba ni kazi ya usiku; na kwamba elimu hiyo ni ya Wazungu, haituhusu sisi. Hoja hizo tutazijibu, inshaallah. Lakini kwanza tumeona tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake ni mashuhuri katika Afrika ya Mashariki yote, kwani katika maisha yake na ya mkewe mna sehemu kubwa ya jawabu.

Mtu huyo ni Albert Ruskin Cook. Alizaliwa Hampstead, katika mji wa London, tarehe 22 Machi mwaka wa 1870. Alisoma katika chuo cha Trinity kilichoko Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali kongwe ya London iitwayo St Bartholomew's. Angeweza kukaa kwao akapata mali na heshima kama walivyofanya wenziwe. Lakini mwaka wa 1896 alijitoa kwa chama cha misheni cha Kiingereza kiitwacho CMS, akapelekwa Uganda.

Katika msafara huo alikuwamo mwanamke mmoja muuguzi, jina lake Katharine Timpson, naye alikuwa amefundishwa kazi yake katika hospitali ya Guy's, London. Twaomba wasomaji walishike jina hili, kwani habari tunayoisimulia ni ya watu wawili, wala haingalitimia kwa mmoja wao.

Waliteremka Mombasa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1896. Wakati huo reli ndiyo kwanza imeanza kutandikwa, haijafika mbali. Basi walikwenda kwa miguu, safari ya karibu maili 800, na mizigo ikichukuliwa vichwani na wapagazi, ambao wengi wa watu wa kazi hiyo zamani zile walikuwa ni watu wetu wa pwani. Walipita nyika ya Taru, wakapanda bara, wakafika Mengo, mji mkuu wa Kabaka wa Buganda, mwezi wa Februari mwaka wa 1897. Katika mwezi huo huo Cook alianza kutibu watu, na haukwisha mwaka ila ilikuwa imekwisha simama hospitali ndogo ya matete na nyasi katika kilima cha Namirembe.

Mwaka huo huo askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la Waingereza waliasi, wakajifungia katika ngome ya Lubwa huko Busoga, vita vikawa vikali, wakafa watu wengi wa pande zote. Daktari Cook alikwenda kuwatibu majeruhi. Hapana shaka kuwa hapo, mbali na hospitali yake, na majeruhi ni wengi na mikono ya kuwauguza ni michache, kila daktari huona jambo moja waziwazi: kisu cha mpasuaji humaliza kazi yake kwa saa moja, na baada yake huja siku nyingi za kuosha jeraha, kunywesha maji, kupima homa na kukesha. Aliyepasuliwa vizuri akaachwa bila ya muuguzi ni kama jahazi lililoundwa vizuri likaachwa bila ya nahodha.

Mwaka wa 1900 Albert alimwoa Katharine. Nduguye Albert, jina lake Jack, ambaye naye ni daktari, alikuwa amekwisha fika kumsaidia. Mwaka wa 1901 ndugu hawa wawili waliona katika hospitali yao wagonjwa wa kwanza wa malale kujulikana Uganda. Malale ni ugonjwa uletwao na mbung'o. Humlaza mtu kidogo kidogo hata akawa hawezi kula wala kusema wala kujigeuza, na zama zile haukuwa na dawa ya kuutoa. Katika miaka michache waliokufa pande za Busoga na Buganda walizidi laki mbili. Msomaji na afikiri: ugonjwa hauna dawa, na mgonjwa yu hai bado. Daktari hana la kuandika. Aliyebakiwa na kazi ni muuguzi, amlishe, amsafishe, amgeuze, amstiri, mpaka ajali yake ifike.

Wala haikuwa hiyo peke yake misiba yao. Mwaka wa 1902 radi iliipiga hospitali, moto ukashika paa la nyasi, kazi ya miaka mitano ikateketea. Wakaanza upya, wakajenga kwa matofali. Twalitaja jambo hili kwa sababu katika miji yetu mara nyingi jambo la kheri huanzishwa kwa khutuba na karamu, kisha likipatwa na dhara ndogo, wenyewe hutawanyika, na kila mmoja akamlaumu mwenziwe.

Sasa twafika kwenye lile tulilokusudia. Bwana Cook angeweza kuendelea kama walivyoendelea waganga wengi wa Kizungu wa zama zake: yeye atibu, na wenyeji wachukue maji na kufagia. Lakini mtu mmoja hawezi kukesha penye vitanda mia. Na muuguzi wa Kizungu aliyeletwa kutoka mbali, hata awe hodari vipi, huja akafa au akarejea kwao, na elimu yake ikaondoka naye. Basi yeye na mkewe walishika rai nyingine, nayo ni kuwafunza wenyeji. Wakati wa vita vikuu vya mwaka wa 1914 hata 1918, Mengo ilipogeuzwa kuwa hospitali ya majeruhi, Cook alianza kuwafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya usaidizi wa madaktari. Na vita vilipokwisha, katika miaka ya 1920, alikuwa miongoni mwa waliohimiza kufunguliwa chuo cha udaktari, ambacho kwanza kilitoa wasaidizi tu, kwa kuwa serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika apande daraja ya juu kuliko hiyo. Na baadaye chuo hicho kikakua, kikawa ndicho chuo cha madaktari cha Makerere.

Ama Katharine, yeye alisimamia wanawake. Mwaka wa 1918 alianzisha mafunzo ya ukunga, na mwaka wa 1921 likafunguliwa jengo la chuo chake, likaitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Wasichana wa Kiganda wakafundishwa, wakatahiniwa, na waliofuzu wakapelekwa katika vituo vya mashambani, mbali na mji, wakawa ndio tegemeo la wanawake wa huko. Kisha mwaka wa 1931 Mengo ikawa na chuo cha wauguzi, cha kuwatunza wagonjwa wa kila namna. Katika nchi ambayo wazee wake walikuwa hawajaona binti akitoka kwao kwenda kusomea kazi, jambo hilo halikuwa jepesi. Lakini wazazi walipoona mama aliyekuwa karibu kufa amerejea nyumbani na mtoto mkononi, maneno yalipungua.

Na jambo kubwa walilolifanya ni kuifundisha elimu hiyo kwa lugha ya watu wenyewe. Cook aliandika kitabu cha maneno ya udaktari katika Kiganda, na yeye na mkewe wakatunga kwa Kiganda kitabu cha ukunga. Mwanafunzi asiyejua Kiingereza aliweza kusoma sababu ya homa na hatari ya kutokwa na damu kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo. Sisi tulio na Kiswahili, lugha iliyoenea kuliko Kiganda, yatupasa tujiulize tumeandika vitabu vingapi vya namna hiyo.

Jambo la pili ni kuandika. Tangu mwaka wa 1897 kila aliyelazwa Mengo aliandikiwa habari zake: jina lake, atokako, ugonjwa wake, alivyokuwa akiendelea, na mwisho wake. Daftari hizo zilihifadhiwa. Miaka sitini baadaye, daktari Denis Burkitt alipoeleza mwaka wa 1958 juu ya uvimbe mbaya wa mataya unaowapata watoto wa Afrika, wataalamu walizirejea daftari za Mengo wakaona ya kuwa ugonjwa huo ulikuwako tangu zama za Cook. Na mwaka wa 1964 ikachapishwa habari ya saratani zote zilizoandikwa katika hospitali hiyo tangu mwaka wa 1897 hata 1956. Hii ndiyo faida ya mtu aliyeandika jambo siku alipoliona, wala hakungoja kesho.

Cook alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1932. Aliacha kazi ya hospitali mwaka wa 1934, akakaa katika kilima cha Makindye, hakurejea kwao. Mkewe Katharine alikufa mwaka wa 1938, na yeye akamfuata tarehe 23 Aprili mwaka wa 1951, umri wake miaka 81, na zaidi ya hamsini kati yake ameikaa Uganda. Maktaba ya udaktari ya Makerere iliyoko Mulago imepewa jina lake.

Hatuwafichi wasomaji wetu ya kuwa mtu huyu alikuja kueneza dini yake, na hospitali ilikuwa ni mlango wa kuingilia nyoyo za watu. Katika hilo sisi tuna dini yetu na yeye alikuwa na yake. Lakini insafu ni wajibu hata kwa asiyekuwa wa mila yako, na ajabu si kwamba yeye alifanya aliyoyafanya. Ajabu ni kwamba sisi, ambao misafara ilianzia miji yetu, tuliyatazama yote hayo yakipita mbele ya macho yetu, tukaona kuwa hayatuhusu.

Sasa na tutazame elimu yenyewe ilikofika. Mwaka mmoja tu baada ya kufa kwake Cook, yaani mwaka wa 1952, mji wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark, ulipatwa na maradhi makali ya polio. Wagonjwa walipooza hata misuli ya kuvutia pumzi, na katika kila kumi wa namna hiyo walikuwa wakifa zaidi ya wanane. Daktari mmoja, jina lake Bjørn Ibsen, alishauri wapasuliwe tundu kooni, watiwe mpira, na pumzi isukumwe ndani kwa mfuko wa kuminya kwa mkono. Lakini ni nani atakayeuminya mfuko mchana na usiku, kwa majuma na miezi? Waliitwa wanafunzi, wapata 1,500, wakapokezana zamu vitandani, kila mmoja akipumua kwa ajili ya mtu mwingine kwa mkono wake. Vifo vikapungua sana. Hapo ndipo kilipoanzia kile kiitwacho leo chumba cha wagonjwa mahututi. Na asili yake, kama mwonavyo, ni mikono ya wanafunzi waliofundishwa jambo moja, wakalifanya bila ya kuchoka.

Leo mashine ndiyo isukumayo pumzi, lakini mashine haimjui mgonjwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa uuguzi afikapo darasa hilo hufundishwa mambo mengi. Hufundishwa kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, si kwa kukisia, kwani kuharakisha kwa pumzi mara nyingi ndiko kutanguliako kuanguka kwa mgonjwa. Hufundishwa kupima mpigo wa moyo na nguvu ya damu, na kupima maji yaingiayo mwilini na mkojo utokao, akaviandika kila saa. Hufundishwa kufyonza makohozi katika mpira wa koo bila ya kutia uchafu ndani, kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, takriban kila saa mbili, asipate vidonda vya kulala, kumsafisha kinywa, kunawa mikono kabla ya kumgusa na baada yake. Hufundishwa pia kusema na mgonjwa aliyezimia, kwa kuwa huenda akawa asikia, na kuwaeleza jamaa hali ya mtu wao kwa ukweli na upole. Hujizoeza kwanza juu ya sanamu ya mtu, apate kukosea pasipo dhara. Kisha husimama kitandani pamoja na mwalimu wake, na haachwi peke yake mpaka mwalimu aridhike naye.

Ni nani, baada ya kuyasoma haya, atakayesema kuwa kazi hii ni duni? Kuosha na kugeuza ni nje yake tu. Ndani yake mna hesabu, na ilimu ya viungo vya mwili, na uangalifu wa kuona kitu kidogo ambacho kikiachwa saa moja huwa ni mauti. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchi zetu mwaka wa 2020, ilidhihirika kwa kila mtu ya kuwa mashine hununuliwa kwa siku chache, na mtu wa kuisimamia hufundishwa kwa miaka.

Ama hoja ya kwamba ni kazi ya usiku, mauti hayachagui mchana. Likiwa jambo la kuogopewa ni salama ya binti njiani na heshima yake kazini, basi wajibu wa jamaa zake ni kumtafutia makao mema na watu wa kumwandama. Kumkatia masomo si dawa ya hofu hiyo.

Na hoja ya kwamba elimu hii ni ya Wazungu, jawabu lake limo katika sira ya Mtume wetu, rehema na amani zimfikie. Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, alilazwa katika hema la bibi mmoja aitwaye Rufaida, wa kabila la Aslam, ambaye alikuwa akiwauguza majeruhi, na hema hilo lilikuwa msikitini kwa Mtume mwenyewe. Wala hakuwa peke yake. Bibi Rubayyi binti Muawwidh na wenziwe walitoka vitani wakiwanywesha maji majeruhi na kuwatibu. Hao majeruhi walikuwa ni wanaume, na wauguzi ni wanawake, na Mtume yupo. Wanazuoni wetu wamelijengea jambo hilo kanuni zinazojulikana: haja ya matibabu huruhusu yasiyoruhusiwa bila ya haja, kwa kadiri ya haja yenyewe, pamoja na kuhifadhi stara.

Tena Imam Ghazali, aliyekufa mwaka wa 505 wa Hijra, ameihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi ya kutoshelezana. Wakiiacha watu wa mji wote, wote hupata dhambi. Naye alilalamika, zaidi ya miaka 900 iliyopita, kwamba watu husongamana katika fiqhi na mijadala, na huku mji hauna tabibu ila asiyekuwa Mwislamu. Lau angalifufuka leo akapita katika miji yetu, hatudhani kuwa angaliona haja ya kuyabadilisha maneno yake.

Si mbali na Kangeta, hapo Maua, iko hospitali ya Wamethodisti yenye chuo chake cha uuguzi. Waislamu wa pande zile wakizidiwa hupelekwa huko, na wakafika wakauguzwa, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Kampala, ng'ambo ya vilima vya Mengo na Namirembe, Waislamu wa Uganda wana hospitali yao katika kilima cha Kibuli, pamoja na chuo cha kufundishia wauguzi. Basi hayawezi kusemwa kuwa ni mambo yasiyowezekana kwetu.

Ushauri wetu kwa jamaa za binti huyo ni kwamba wasimtoe chuoni. Na kwa wasomaji wote twasema: mwenye mali na amlipie karo mwanafunzi mmoja wa uuguzi, wa kiume au wa kike, mwalimu wa madrasa na awatoe hofu wazee, na mwenye kalamu na atuandikie kwa Kiswahili safi namna ya kumtunza mgonjwa aliye taabani nyumbani kabla hajafikishwa hospitali. Kila mmoja wetu, Mungu akimpa umri, iko siku atalala kitanda hicho hawezi kuinua mkono. Mkono utakaomgeuza siku hiyo ni ule uliofundishwa leo, na usipofundishwa leo, siku hiyo hautakuwapo.